Muulize Fundi: Forester ya tabo, farasi 350 na oili ya bei chee

Safari hii karibu maswali yote yaliyoingia ni ya tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukumia injini hewa zaidi. Sijui ni kwa sababu Subaru zimejaa mjini au zimeanza kunoki kwa zamu, vyovyote vile nimechagua haya, la kwanza ndo lina nyama nyingi kwaiyo nimelipa nafasi kubwa, mengine nayapitia haraka haraka.

SWALI: Shikamoo fundi, mwangaluka. Nina Forester STI ya 2005, injini EJ255, nimeinunua kwa jamaa Dar nikaja nayo mwenyewe mpaka Mwanza haikusumbua. Jamaa alishaifunga ekzosi kubwa, ile filta ya hewa ya koni iliyo wazi na blofu valvu ya kupuliza nje. Sasa kuna mtaalam wa kutyuni kaniambia kwa kubadili programu tu kwenye kontroli boksi (kompyuta ya injini) ananifikisha farasi 350. Mi hizo farasi nazitaka, lakini gari ndo hiyo hiyo ya kuendea kazini kila siku, siyo ya kulala gereji. Wenzangu wanasema vitu viwili hivyo haviendi pamoja. Ni kweli? Na nikiwa na milioni tatu mkononi nianzie wapi? (Kijana wa Pasiansi)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Vinaenda pamoja, tena vizuri tu, ila siyo kwa huo mpangilio wa mtaalam wako wa kuanza na programu. Programu inakuja mwisho kabisa na nitakuambia kwanini, vumilia tu maana jibu ni refu.

Anza na petroli. Forester STI ya miaka hiyo ilitoka kiwandani na farasi 265, na hizo farasi zilipangwa kwa petroli ya Japani. Nenda kafungue mlango wa tenki, kama kile kistika cha Kijapani hakijabanduliwa ujue kinakuambia weka premium. Premium ya kule kwa kiwango chao cha JIS inaanzia oktani 96 (oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia joto na presha bila kujilipua), na nyingi wanazouza zinakaribia 100. Huku kwetu unaingia sheli, petroli ni ya aina moja, unaweka iliyopo unaondoka. Maana yake gari yako hata hujaigusa tayari inatumia mafuta dhaifu kuliko yale iliyopangiwa, na kinachokuokoa ni sensa moja ndogo iliyofungwa kwenye bloku, yenyewe kazi yake ni kusikiliza kama injini inagonga, ikisikia inaiambia kontroli boksi irudishe taimingi nyuma, yaani plagi ichelewe kidogo kuwasha, wewe unaona gari imekuwa nzito kidogo unalaumu plagi, kumbe pistoni zimeponea hapo.

Huko kugonga ndo muuaji mkubwa wa hizi injini, kwaiyo tuelewane vizuri. Kawaida plagi inawasha, moto unatembea taratibu mpaka mchanganyiko wote unaungua. Oktani ikiwa ndogo na joto likiwa kubwa, ule mchanganyiko wa pembeni haungoji moto uufikie, unajilipua wenyewe, presha inaruka ghafla na pistoni inapokea kipigo kama cha nyundo. Pistoni za kiwandani za EJ255 ni za kumimina, siyo za kufua, na kati ya ringi ya kwanza na ya pili kuna ukuta mwembamba ambao ndo unavunjika. Ukishavunjika gari haizimi, inaendelea kutembea, ila inaanza kula oili, presha inavujia chini kwenye sampu (bakuli la oili), oili inasukumwa kupitia paipu za kupumulia inaingia kwenye intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, ukipima kompresheni silinda moja iko chini kuliko wenzake. Watu wengi wanafika gereji hapo wakidhani tabo ndo imekufa, wananunua tabo, wanafunga, moshi uko pale pale.

Sasa ongeza na hili la kwetu. Dar iko usawa wa bahari, Mwanza ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kama asilimia 13 hivi ukilinganisha na kule. Gari isiyo na tabo inapoteza nguvu hiyo mchana kweupe, ya tabo haipotezi sana kwa sababu tabo inazunguka zaidi kufidia, ila kuzunguka zaidi maana yake hewa inatoka imechemka zaidi na shafti inachoka zaidi, na shafti yenyewe hata siku ya kawaida inazidi mizunguko 100,000 kwa dakika huku upande mmoja inapigwa na moshi wa nyuzi 800 na kitu. Kwaiyo mtu akikuambia programu hii imetulia kwenye gari ya rafiki yangu Dar nakutumia faili kwa WhatsApp, mwambie asante. Programu inapangwa kwenye gari yako, na petroli yako, hapa hapa, sensa ya mchanganyiko ikiwa imechomekwa kwenye ekzosi, ile wanaiita waidibendi. Ukikanyaga mpaka mwisho mchanganyiko usimame kwenye hewa 11 au 11 na nusu kwa petroli moja. Ikienda 12 na nusu, 13, busti (presha ya hewa inayosukumwa na tabo) ikiwa juu, unaunguza.

Tukirudi kwenye milioni tatu. Kwanza usinunue kitu, pima. Kompresheni silinda zote nne, alafu presha ya oili kwa geji ya mkono siyo taa ya dashibodi, maana ile taa inawaka beringi zikiwa zimeshaliwa. Kanuni ya zamani ya gereji ni paundi 10 za presha kwa kila resi 1,000 (mizunguko kwa dakika) injini ikiwa ya moto, ukipata pungufu ya hapo simama. Uliza taimingi belti ilibadilishwa lini, kama jamaa wa Dar anajikuna kichwa hesabu kwamba haijabadilishwa, kiwanda kinasema kilomita 100,000 na hii injini belti ikikatika valvu zinakutana na pistoni, hapo hakuna tena habari ya farasi.

Ukiwa hapo hapo mwambie fundi akufungulie ile bolti yenye tundu inayoleta oili kwenye tabo. Ni bolti fupi tu ya kupitisha oili, lakini kwenye hizi Subaru ndani yake kuna kichujio kidogo cha nyavu, kidogo hata kidole hakiingii, na ukikuta oili ilikuwa inachelewa kubadilishwa utakikuta kimejaa tope jeusi kama masizi, tabo inapata oili ya matone. Tabo haina beringi za gololi, shafti inaelea kwenye oili. Oili ikikatika kwa sekunde chache tu chuma kinagusa chuma. Kile kichujio hakigharimu hela ya kutisha, na ni cha kubadilisha siyo cha kupuliza na kompresa alafu kukirudisha.

Filta ya koni toa. Najua inanguruma vizuri. Lakini sensa ya kupima hewa ilipimiwa ndani ya lile boksi la kiwandani, ukilitoa boksi hesabu yake inapotoka, inaambia kontroli boksi hewa ni ndogo kumbe ni kubwa, petroli inapungua, joto linapanda. Na vumbi la barabara zetu za mtaani usiku hata sikuelezi, nimeona tabo meno yake yameliwa na mchanga mpaka yamekuwa mafupi. Blofu valvu ya nje nayo rudisha ya kiwandani, maana ile hewa unayoipuliza nje kwa mbwembwe kontroli boksi ilishaihesabu na kuipangia petroli, kila ukibadili gia injini inabaki na petroli ya ziada ndo ule moshi mweusi wa nyuma. Kama ni sauti unapenda sana basi nunua spika.

Hela iliyobaki nunua geji mbili, ya presha ya oili na ya joto la oili. Ile ya joto la maji ya dashibodi inakudanganya, maji yanapata moto mapema, oili inachelewa sana nyuma yake, na wewe ukishaona mshale umefika katikati unakanyaga kutoka geti la nyumbani. Subiri oili ifike nyuzi 80 hivi ndo uombe busti. Oili yenyewe sintetiki ya 5W-40, kila kilomita 5,000 au kabla, siyo baada. Na ununue kwa wakala anayeeleweka mwenye risiti, oili feki zipo sokoni, dumu lile lile, rangi ile ile, hadi alama ya TBS imebandikwa, bei ikiwa chee kupita wenzake wote usijipongeze.

Chomoa stiki kila unapojaza mafuta, gari ikiwa pa tambarare, siyo umeipaki mlimani Bugando alafu unasema oili imepungua. Hizi injini za kulala (silinda zimelala ubavu) zinakula oili kidogo kidogo hata zikiwa nzima, ikishuka lita moja na wewe unakata kona kwa kasi oili inakimbilia upande mmoja, paipu ya kunyonya inavuta hewa, beringi za konrodi ndo zinaanza kuimba ko ko ko.

Hayo yakishakuwa sawa, plagi mpya za baridi zaidi kidogo (zinazopoza ncha yake haraka), paipu zote za busti zimepimwa kwa moshi hazivuji, ndo umwite huyo mtaalam. Kuhusu 350, kwa tabo ya kiwandani na petroli ya sheli zetu programu peke yake haikufikishi salama, anayekuahidi hivyo anauza. Mi ningesimama kwenye 300 hivi, gari inakwenda, unawahi kazini na trafiki wa tochi pale Usagara watakupata vile vile.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Forester Cross Sports ya tabo. Mume wangu ananilazimisha nikifika nyumbani nikae dakika tano gari ikiunguruma ndo nizime, mlinzi ananishangaa, watoto wanalia njaa kwenye siti ya nyuma. Ni lazima kweli? (Mama wawili, Nyegezi)

JIBU: Salama dada yangu. Shemeji ana nia nzuri ila amezidisha. Mantiki yake ni hii, tabo ikiwa imetoka kufanya kazi nzito nyumba yake ina joto kali sana, ukizima ghafla pampu ya oili inasimama, oili iliyobaki mle ndani inakaangwa mpaka inakuwa mkaa, ule mkaa ndo unaziba njia na kula beringi. Kwenye magari ya zamani sana ambayo tabo ilipozwa na oili tu, dakika kadhaa zilikuwa na maana. Yako inapozwa na maji pia, na yale maji yanaendelea kuzunguka yenyewe kidogo hata injini imezimwa kwa sababu ya moto kupanda na ubaridi kushuka.

Kinachotakiwa ni jinsi unavyoendesha zile kilomita mbili tatu za mwisho. Ukitoka mjini kwenye foleni ya Mkuyuni taratibu mpaka Nyegezi tabo imeshapoa njiani, fika, shusha watoto, zima. Ukiwa umetoka Shinyanga kwa kasi alafu unaingia sheli Usagara kununua maji, hapo ndo subiri dakika moja, mbili ukiwa umekanyaga sana. Kitu ambacho msifanye wote wawili ni ule mtindo wa kupiga resi moja ya mwisho alafu kuzima, sijui nani aliwafundisha watu hiyo kitu, unaizungusha tabo kwa kasi yote alafu unaikatia oili.

Asubuhi ndo muhimu zaidi na watu hawasemi. Ukiwasha subiri nusu dakika oili ipande, ondoka polepole.

SWALI: Nipo Musoma, Mark II yenye 1JZ ya tabo. Inatoa moshi wa bluu. Fundi kasema tabo imekufa, anataka hela ya tabo nyingine ya mtumba. Nimpe?

JIBU: Usimpe kwanza, muulize moshi unatoka saa ngapi. Ukitoka asubuhi tu ukiwasha alafu unakata, hizo ni oili sili za valvu, tabo haihusiki. Ukitoka wakati umekanyaga tu na mfululizo, fikiria ringi. Ukitoka baada ya gari kusimama inaunguruma muda mrefu kwenye foleni alafu ukaondoka, hapo tabo inaingia kwenye orodha, lakini hata hapo angalia kwanza paipu ya kurudisha oili kutoka kwenye tabo kwenda kwenye sampu kama imeziba au imekunjwa, na ile valvu ya kupumulia injini, maana oili ikikosa pa kurudi itatokea kwenye sili hata kama tabo ni mpya ya kutoka boksini.

Alafu atoe paipu ya hewa mbele yako ashike shafti kwa vidole. Kucheza kidogo upande kwa upande ni kawaida, inaelea kwenye oili. Kucheza kwa kwenda mbele na nyuma ukakusikia kwa kidole, au meno yana alama za kukwaruza ukuta, hapo mpe hela. 1JZ ni injini ngumu sana, inayomaliza wengi kwenye hizo gari ni paipu za mpira za vakyumu zilizokauka kwa umri, zimekaa kama miwa ya jana, badilisha zote kwa pamoja.

SWALI: Fundi heshima yako. Natoa dagaa Mwaloni Kirumba napeleka Kahama na Hilux 3.0 D-4D, injini 1KD. Asubuhi inagonga kama trekta dakika kadhaa alafu inatulia. Juzi taa ya oili imewaka mara moja ikazima kwenye mlima. Na kuna kijana anauza kile kiboksi cha kuongeza nguvu, anasema mzigo utauona mwepesi. Nifunge? (Mzee wa dagaa)

JIBU: Heshima kwako mzee wangu. Kiboksi mwambie akae nacho. Na hiyo taa ya oili, naomba kabla hujapakia tena dagaa gari iende gereji, kwa kuvutwa kama inawezekana, sisemi kukutisha.

Hizi 1KD zina ugonjwa unaojulikana. Chini ya kila injekta (kifaa cha kupulizia dizeli kwenye silinda) kuna washa ndogo ya shaba inayoziba moto wa silinda usipande juu. Ikichoka moshi wa kuungua unavujia kwenye chumba cha oili, oili inageuka kuwa uji wenye chembe za mkaa, zile chembe zinashuka kwenye sampu zinakwenda kuganda kwenye wavu wa paipu ya kunyonya oili. Siku ya kwanza hujui kitu. Siku moja uko mlimani na mzigo, oili moto, wavu umebaki na tundu chache, presha inaanguka, taa inamulika. Ukiipuuzia hiyo, kinachofuata ni krenki, na tabo inatangulia kwa sababu yenyewe ndo ina kiu kuliko wote.

Kwaiyo mwambie fundi ashushe sampu. Siyo abadilishe oili, ashushe sampu, na wewe uwepo uone ule wavu kwa macho yako. Ukiwa mweusi umejaa chembe za mkaa, basi injekta zote nne zitolewe, washa ziwekwe mpya, na injekta zenyewe zipelekwe kupimwa kwenye mashine kwa sababu huko kugonga kwa asubuhi ni injekta inayomwaga dizeli nyingi kuliko inavyoambiwa, na injekta ya namna hiyo mwisho wake inatoboa pistoni. Washa hizo usirudishie za zamani hata kama zinang'aa.

Turudi kwa kiboksi nikueleze kwanini nimekataa. Kwenye injini ya petroli mafuta yakipungua ndo joto linapanda, kwenye dizeli ni kinyume chake, ukiongeza mafuta ndo joto linapanda. Kiboksi kinachofanya ni kudanganya kontroli boksi kuhusu presha ya dizeli ili imwage zaidi. Gari tupu mjini utafurahi. Ukiwa na tani ya dagaa mgongoni, mlima mrefu, umekanyaga dakika kumi mfululizo, moshi unaotoka kwenye silinda unakuwa wa moto kuliko chuma cha tabo kinavyoweza kuvumilia kwa muda mrefu. Wazungu wenye hizo Hilux wanaofunga viboksi wanafunga na geji ya kupima joto la moshi kwenye ekzosi, huyo kijana anakuuzia kiboksi bila geji. Intakula yako iko juu ya injini chini ya lile tundu la boneti, iangalie kama haijajaa vumbi na mafuta, isafishe, utapata nguvu iliyopotea bure kabisa.

Na maji kwenye filta ya dizeli mwage kila mwezi, hasa kama unajazia madumu.

SWALI: Mambo vipi fundi, nina Caldina GT-Four. Nikitoka Geita jioni nikivuka daraja la Kigongo-Busisi wale wadudu wa ziwani wananigandia mbele kote, taa hazionekani, alafu nikifika mjini joto linapanda. Natumia maji ya ziwa kwenye rejeta, ni masafi tu, nachota mwenyewe. Shida nini? (Mtu wa Igoma)

JIBU: Shida ziko mbili na zote umezitaja mwenyewe.

Wale wadudu msimu wao wakitoka ziwani wanatoka kama moshi, na wanaingia kwenye mapezi ya kondensa ya AC, rejeta iko nyuma yake, na kwenye Caldina intakula iko juu inavuta hewa kupitia tundu la boneti, kwaiyo zote tatu zinaziba kwa usiku mmoja. Wakikauka wanakuwa kama gundi. Asubuhi mwagia maji na sabuni kidogo waache walainike, alafu puliza kwa maji ya mpira ya kawaida kutoka ndani kuelekea nje, siyo ile mashine ya presha ya kuoshea magari maana inalaza mapezi yote na hapo umejiharibia moja kwa moja. Mafundi wa kuosha gari wanapenda sana kuielekeza pale mbele, wakataze.

Maji ya ziwa sasa. Sina ugomvi na usafi wake, ila hayana dawa ya kuzuia kutu, silinda hedi yako ni ya alumini, inaliwa polepole kutoka ndani mpaka gasketi inakosa pa kukaa. Na mwinuko wetu huu maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100, na injini yako ya 3S-GTE ikiwa na joto lake la kazi la kawaida iko karibu karibu na hapo. Kinachoyazuia yasichemke ni presha ya kifuniko cha rejeta, kifuniko kizima kilichoandikwa 1.1 kinasogeza kuchemka mpaka karibu na nyuzi 120. Wengi spring yake imeshalegea na mpira umepasuka, maji yanachemka kimya kimya ndani ya hedi, inatengenezeka mifuko ya mvuke pale pale karibu na valvu za ekzosi, pistoni inapata joto, injini inaanza kugonga, yaani umerudi kwenye stori ya kijana wa Pasiansi kwa mlango mwingine. Nunua kifuniko kipya leo, mwaga maji yote, weka kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa ya chupa za betri (siyo asidi), toa hewa vizuri, angalia na thamostati kama ipo, maana mafundi wetu wengine dawa yao ya joto ni kuitoa na kuitupa, gari ya tabo bila thamostati siku za mvua haipati joto la kazi na oili inabaki na maji maji na petroli ndani.

Ukiona joto linapanda njiani washa hita ya ndani mpaka mwisho, fungua vioo, ondoa mguu kwenye busti. Usifungue rejeta.

SWALI: Impreza yangu imenoki, beringi ya konrodi. Ninunue injini ya mtumba au nijenge hii? (Bukoba)

JIBU: Kama krenki haijachubuka sana na bloku ni nzima, na una fundi mwenye vipimo siyo wa kukadiria kwa macho, jenga. Injini ya mtumba ni bahati nasibu, nayo imetoka kwenye gari ya mtu ambaye huenda aliitupa kwa sababu hiyo hiyo, ukinunua ifunguliwe sampu kabla hujalipa, mkisikia chembe za shaba kwenye vidole rudisha.

Vyovyote utakavyoamua, kipoza oili na tabo ya zamani vyote vina chembe za ile beringi iliyosagika, tabo ifunguliwe ioshwe, kipoza oili tupa weka kingine, hicho hakisafishiki na ndo kinachoua injini mpya ndani ya mwezi. Paipu ya kunyonya oili kwenye sampu nayo weka mpya, za kwenye Subaru zinapasuka kwenye kiungo cha kuchomelea. Siku ya kuwasha mjaze oili filta kabla ya kuifunga, mimina oili kidogo kwenye tundu la tabo, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, pigeni stata vipande vipande mpaka geji ya oili ipande, fyuzi ndo irudi.